Mbwa Akikataliwa na Dawa, Tuseme Wapi?

Kwa Baraza la Kurugenzi ya Dawa za Mifugo
Nakala: Idara ya Huduma za Mifugo, Kaunti ya Mombasa

Waheshimiwa,

Naishi Feri, upande wa kisiwani. Mkija kwetu mtaijua nyumba kwa lango lake la mabati ya buluu. Mpaka masika yaliyopita mngeijua pia kwa sauti ya mbwa aliyekuwa akilala nyuma ya lango hilo. Jina lake lilikuwa Popi, na nawaandikia kwa sababu yake.

Huku kwetu mtu akinywa dawa kisha akavimba, akatapika au akashikwa na kizunguzungu, tunasema dawa imemkataa. Naupenda msemo huu kwa sababu haumtii hatiani mgonjwa wala daktari. Unasema tu kwamba mwili huu na dawa hii havikupatana. Binadamu akikataliwa na dawa ana pa kwenda. Hurudi hospitalini akaulizwa, na ipo fomu ya njano ya Bodi ya Famasia na Sumu ya kujaziwa habari zake. Kenya iliingia mwaka 2010 katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa. Popi alipokataliwa na dawa mimi sikujua pa kwenda. Nilikwenda kwa jirani, na nilikwenda kwa shari.

Nitaeleza, ingawa naona haya kueleza.

Popi hakuwa mbwa wa kubembelezwa. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama wengi wa pwani hii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito: yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Kwa hivyo yeye alikuwa na mahali pake na sisi petu. Bawabu ndiye aliyempelekea chakula kwenye sufuria lake na maji kwenye karai lake. Tulimpenda kwa mbali, na kumpenda kwa mbali si kutompenda. Wanangu walikuwa wakimsimulia habari za shule kupitia dirisha la jikoni. Nalitaja hili kwa sababu lina uzito katika ombi langu. Mbwa usiyempapasa huwezi kujua kwamba ana homa. Mbwa usiyembeba huwezi kukisia ana kilo ngapi. Anapougua, unakuja kumwona akiwa amekwisha kuzidiwa, na hapo unataka dawa ya haraka kutoka mahali pa karibu. Wenye mbwa wa ulinzi kuanzia Mji wa Kale hadi huku Feri wanalijua hili, hata kama hawalisemi barazani.

Mwaka aliokufa tulimpeleka Kwale, kwenye shamba la shemeji yangu karibu na msitu wa Shimba Hills, awafukuze nyani kwenye mahindi. Alikaa huko miezi minne. Aliporudi alivuka feri pamoja nasi, amefungwa kamba, kando ya mikokoteni ya mahamali. Alikuwa amekonda, mbavu zahesabika, na jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu kama maji ya nazi. Nilidhani amechomwa na mwiba. Sasa najua kwamba Shimba Hills kuna mbung'o, na kwamba mbung'o humwambukiza mbwa nagana ileile inayowamaliza ng'ombe wa Kwale. Kwa mbwa vimelea vya ugonjwa huo hufika hadi kwenye jicho, likawa jeupe. Kuvuka mkondo wa Likoni ni dakika chache tu, na ugonjwa wa msituni ukawa umeshaingia mjini.

Bawabu alimpeleka kwenye duka moja la dawa za mifugo. Sitalitaja, kwa sababu sikuandika barua hii ili mtu afungiwe duka. Kijana aliyekuwa kaunta alimtazama mbwa na swali lake la kwanza lilikuwa la mtu anayejua kazi.

"Mzee, mbwa huyu katoka wapi?"

"Katoka Kwale."

"Basi ni nagana au homa ya kupe. Dawa yake ni moja."

Alikuwa sahihi. Dawa yenyewe ni diminazeni, unga wa manjano unaouzwa kwa vipakiti, na kweli hutibu nagana na pia ile homa ya kupe inayokojoza damu. Imekuwa mikononi mwa wafugaji tangu miaka ya 1950. Kipakiti cha kawaida kina gramu 1.05 za dawa, na kimepimwa kwa ng'ombe wa kilo 300, yaani miligramu 3.5 kwa kila kilo ya mwili. Ukikikoroga kwa mililita 15 za maji, kila mililita moja inatosha mnyama wa kilo 20. Popi, kwa makisio ya daktari aliyenieleza baadaye, hakuzidi kilo 15. Haki yake ilikuwa robo tatu za mililita, kiasi ambacho ukikiweka kwenye kijiko cha chai hukioni vizuri. Kipakiti kimoja kingetibu mbwa 20 kama yeye.

Kijana alivuta dawa kwenye bomba la mililita 5 hadi alama ya 3, akamdunga pajani. Siku ya tatu, kwa kuwa mbwa alikuwa hajachangamka, bawabu alimrudisha, akadungwa tena vilevile. Hiyo ni mara nne ya dozi, na mara mbili katika siku tatu. Hakuna aliyemdhulumu mwenziwe pale. Pesa iliyolipwa ilikuwa ndogo, na kijana alimpa hata karatasi iliyokuwa imefungiwa dawa. Kwenye karatasi hiyo hapakuwa na neno la Kiswahili, wala hapakuwa na neno lolote kuhusu mbwa. Ilikuwa imeandikwa ng'ombe, kondoo na mbuzi, kwa Kiingereza na Kifaransa.

Usiku wa siku ya nne bawabu alinigongea.

"Mama, toka umwone mbwa, amelewa."

Nilimkuta Popi amesimama katikati ya uwanja, miguu ya nyuma ameitanua, anayumba. Macho yalikuwa yakirukaruka upande hadi upande bila kutulia, kama ya mtu anayetazama gari-moshi linalopita. Baadaye alianguka, akakakamaa, shingo ikapinda nyuma hadi kichwa kikakaribia mgongo. Nilimmwagia maji. Nikakaa kwenye kizingiti nikisikia feri za usiku zikipiga honi, na kabla ya adhana ya alfajiri akawa amekwisha.

Bawabu alisema neno moja: "Amelishwa."

Mnajua neno hilo linavyofanya kazi mitaani. Mbwa akifa anatetemeka, amelishwa sumu. Hatafuti mtu sababu nyingine, na kusema kweli huwa wanalishwa: kuna wezi wanaotupa nyama juu ya ukuta, na kuna waliochoshwa na kubweka. Mimi nilikuwa na jirani aliyechoshwa na kubweka. Ni mzee anayeamka usiku kwa tahajudi, na mara mbili alikuwa amemtuma mtoto kuniomba nimfunge mbwa asipite kwenye mlango wake, maana humlazimu kuosha sehemu anayoswalia. Aliomba kwa adabu. Lakini asubuhi ile adabu yake niliigeuza ushahidi. Nilisimama mlangoni pake mbele ya wajukuu zake nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kutoka siku hiyo hatukuamkiana. Ramadhani ikaja ikaisha, na sahani ya futari ambayo miaka yote ilikuwa ikivuka ule ukuta, ya kwetu kwenda na ya kwao kuja, haikuvuka.

Miezi saba baadaye alikuja daktari wa mifugo kumchanja mbwa mdogo tuliyepewa. Katika mazungumzo alitaka kujua wa kwanza alikufa na nini. Nikamwambia alilishwa. Akauliza alitokwa na povu? Hapana. Alitapika, alihara? Hapana. Alikuwa amepata dawa yoyote wiki ile? Ndiyo. Dawa gani, kiasi gani, mara ngapi? Nikamwita bawabu. Bawabu alipotaja unga wa manjano, daktari aliacha kufunga mkoba wake.

Alinieleza polepole. Sumu zinazotupwa mitaani, nyingi zikiwa dawa za wadudu wa shambani, huanza kazi ndani ya dakika au saa chache: mate yanamwagika, mnyama anatapika, anajiharia, anatetemeka. Diminazeni ikimkataa mbwa kwa kawaida huchukua siku moja, mbili au tatu, kisha hushambulia ubongo, mahali panapoongoza mwendo na mizani ya mwili. Hapo damu huvuja. Ndiyo maana ya kuyumba, macho kurukaruka, na shingo kupinda. Kwa mbwa nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayoua ni nyembamba sana, na wako wachache wanaodhurika hata kwa kipimo sahihi. Hakusema kwamba ana yakini. Maiti haikuchunguzwa, alizikwa nyuma ya nyumba. Alisema, "Mimi ningeshuku dawa kabla sijamshuku mtu."

Siku hiyohiyo, baada ya alasiri, nilikwenda kwa jirani. Nilimkuta barazani na tasbihi. Nilipomaliza kumwomba radhi alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, kelele za mbwa wako zalinichosha, lakini roho yake haikunikosea kitu." Akamwita mkewe alete kahawa.

Sasa niwaambie ninalotaka kuwaambia. Ule usiku nilikuwa na shaka, na shaka yangu ilihitaji mahali pa kupelekwa. Kama kwenye ukuta wa lile duka pangekuwa na karatasi imeandikwa, mnyama wako akidhurika baada ya dawa piga nambari hii, ningepiga. Mtu wa upande wa pili angeniuliza maswali yaleyale ya daktari, na siku hiyohiyo, si baada ya miezi saba, shaka yangu ingekwenda kwenye sindano badala ya kwenda kwenye mlango wa mzee wa watu. Na duka lile lingepata habari. Kwa sababu hili ndilo linaloniumiza zaidi kuliko ugomvi: kijana yule hajui. Kwa hesabu yake alimtibu mbwa wa Kwale, akapona au akalishwa. Kesho akiletewa mwingine atavuta mpaka alama ya 3.

Kazi hii ni yenu kisheria, na nafurahi kwamba ni yenu. Sheria ya mwaka 2011 kuhusu madaktari na wasaidizi wa mifugo, na kanuni zake za mwaka 2015, ndizo zilizoizaa Kurugenzi hii ili dawa za wanyama ziwe na mlezi wake peke yake. Kusajili dawa na kutoa leseni kwa maduka ni nusu ya ulezi huo. Nusu ya pili huanza dawa ikishaingia mwilini mwa mnyama, Kwale au Kilifi au Kisauni, na taarifa ya nusu hii haitoki maabara. Inatoka kwa mama aliyesimama uwanjani usiku na kurunzi.

Historia ya dawa za mbwa duniani inathibitisha hivyo. Chukueni ivamektini, dawa ya minyoo na upele ambayo asili yake ni kijidudu cha udongo wa Japani, na iliyowapatia wagunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ni dawa iliyookoa macho ya mamilioni ya watu Afrika. Lakini tangu miaka ya 1980 wenye mbwa aina ya Collie walikuwa wakisema kwamba mbwa wao wanaanguka, wanapofuka, wanazimia baada ya kupewa kipimo ambacho mbwa wengine hawakisikii. Walisikilizwa, taarifa zikakusanywa, na mwaka 2001 Katrina Mealey na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington wakaonyesha sababu: mbwa hao wana kasoro kwenye jeni moja, ile inayoweka mlinzi kwenye mlango wa ubongo asiingize dawa. Karibu Collie 7 katika 10 wana kasoro hiyo, na imepatikana kwa aina nyingine za mbwa wa kuchunga. Huku kwetu ivamektini ya ng'ombe inauzwa kwa chupa, mililita 1 kwa kilo 50, na mtu humpimia mbwa wake kwa jicho. Mbwa koko wa Feri ana damu za nani? Miaka mingi watu wa Nyali na Diani wamekuja na mbwa wa kutoka Ulaya, na mbwa hawaulizani pasipoti. Hatuwezi kujua ni yupi kati yao amerithi mlango usio na mlinzi mpaka taarifa zianze kuandikwa.

Au chukueni ile sindano ya Marekani ya kukinga minyoo ya moyo kwa miezi 6, ProHeart 6. Maelfu ya taarifa za madhara ziliifikia mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, na Septemba 2004 ikaondolewa sokoni. Mwaka 2008 ilirudi, kwa masharti ya jinsi ya kutumiwa. Septemba 2018 mamlaka hiyohiyo ilitoa tahadhari juu ya vidonge vipya vya kupe na viroboto vya jamii ya isoksazolini, kwamba baadhi ya mbwa hupata kifafa. Vidonge havikuondolewa, na sioni kosa, kwa kuwa kwa mbwa wengi ni salama. Kilichobadilika ni kwamba mwenye mbwa aliyewahi kupata kifafa sasa anaambiwa kabla. Vidonge hivyo vinauzwa hapa Mombasa pia.

Niseme kidogo kuhusu India, ingawa habari yake si ya mbwa. Tumbusi wa huko walikufa hadi wakakaribia kwisha, na watu walitaja kila sababu, magonjwa, sumu, hali ya hewa, mpaka mwaka 2004 ikabainika kwamba wanakula mizoga ya ng'ombe waliopewa diklofenaki, dawa ya kawaida ya maumivu. Mwaka 2006 India ikaipiga marufuku kwa mifugo. Wakati huo walikuwa wamebaki wachache mno. Tumbusi hawana mwenyewe wa kupiga simu.

Na sisi tuna paka. Mji wa Kale ni mji wa paka, kila kibaraza kina wake. Dawa ya matone ya kupe ya mbwa yenye permethrini, ambayo mbwa huivumilia, ikimdondokea paka humtetemesha mpaka afe. Wangapi wametiwa dawa hiyo na watu wenye huruma? Kuna pia dawa ya josho, amitrazi, inayotengenezwa kwa ng'ombe na ambayo watu huwaogeshea mbwa bila kupima maji. Mbwa husinzia, moyo ukaenda taratibu kupita kiasi. Na dawa za maumivu za binadamu, ibuprofeni kwa mfano, ambazo mtu humpa mbwa anayechechemea kwa kudhani kinachomfaa yeye kitamfaa mnyama, kumbe humtoboa tumbo na kumharibu figo. Kila moja ya hizi nimeisikia ikitajwa hapa hapa mtaani, na kila mara hadithi iliishia kwa lile neno moja, amelishwa.

Kuna sababu nyingine ya kulifanyia kazi jambo hili mapema, na hii inawahusu hata wasiotaka kusikia habari za mbwa. Kichaa cha mbwa. Nchi yetu ina mkakati wa 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huo, na msingi wake ni kuchanja mbwa, angalau 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Chanjo hiyo ni salama. Hata hivyo kuna mbwa mmoja mmoja ambaye mwili wake hushtuka: uso unavimba, anatapika, ngozi inatoka mabaka ndani ya saa chache. Kwa kawaida hutibika akiwahiwa. Lakini mtaani mbwa mmoja aliyevimba anatosha. Habari itavuka mkondo kabla ya feri, na siku wachanjaji watakapokuja tena mbwa watafichwa. Uvumi huo hauzuiwi kwa kuukanusha. Unazuiwa pale mwenye mbwa anapojua nani wa kumwambia, na akaambiwa: tumepokea, tumechunguza, hiki ndicho kilichotokea. Watoto wa Feri wanacheza na mbwa wa mitaani pale kwenye mibuyu ya bustani ya Mama Ngina. Afya yao imefungwa kwenye imani ya wazazi kwa ile sindano.

Ninachoomba si kikubwa. Leseni ya duka hutundikwa ukutani. Kando yake pawekwe karatasi moja ya Kiswahili yenye nambari ya simu na maswali machache: mnyama gani, uzito wa kukisia, dawa gani, kiasi gani, lini, alionyesha nini, alipona au alikufa. Kama karatasi hiyo mnayo tayari ofisini, ishusheni hadi kaunta. Ijazwe na yeyote, mwenye mbwa, bawabu au muuzaji. Na iandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba shaka inatosha. Mwenye kutoa taarifa asidaiwe ushahidi. Kazi ya kupambanua ni ya wataalamu wenu. Uingereza ilipoanzisha kadi ya njano ya dawa za binadamu mwaka 1964, baada ya watoto kuzaliwa bila mikono kwa sababu ya thalidomidi, msingi ulikuwa huohuo: usingoje uwe na yakini.

Muuzaji naye apewe kinga. Kijana yule akijua kwamba taarifa itamletea askari, ataificha, na mimi ningeificha pia kama ningekuwa yeye. Akijua kwamba itamletea mafunzo na kijedwali cha dozi za mbwa cha kubandika ukutani, atakuwa wa kwanza kupiga simu. Ana moyo wa kazi. Aliuliza mbwa katoka wapi.

Halafu vibandiko vya dawa. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi. Dawa inayoweza kuua ikikosewa kwa mililita mbili ieleze kipimo chake kwa lugha anayoisoma bawabu. Kama haifai mbwa, iandikwe hivyo, na kama inafaa kwa daktari tu, iandikwe pia. Na kila anayeuza aandike kwenye risiti jina la dawa na nambari ya toleo, ile wanayoiita bachi, kwa sababu dawa mbovu au ya bandia haijulikani kwa jina, inajulikana kwa nambari hiyo.

Kwa ndugu zetu wa Kaunti: Jedwali la Nne la Katiba limewapa ninyi huduma za mifugo, na limewataja hata mbwa, kwamba leseni zao ni kazi yenu. Basi yule anayekuja kutoa leseni au chanjo aje pia na ile karatasi. Na mara moja kwa mwaka tuambiwe, redioni au hata kwenye kipaza sauti pale pa kusubiria feri, taarifa ngapi zilipokewa na nini kimebadilika. Watu wakiona walichosema kimefanya kazi, watasema tena.

Kwa kuwa bado sijajaza fomu yoyote kuhusu Popi, naomba barua hii ihesabiwe kuwa ndiyo.

Mnyama: mbwa koko, dume, rangi ya mchanga, umri kama miaka mitano. Uzito: kilo 15 kwa kukisia. Mahali: Feri, Mombasa, aliporudi kutoka Kwale. Ugonjwa ulioshukiwa: nagana au homa ya kupe. Dawa: diminazeni, ya kudungwa. Kiasi: mililita 3, mara mbili, katika siku tatu. Dalili: kuyumba, macho kurukaruka, kukakamaa, shingo kupinda nyuma, kuanzia usiku wa siku ya nne. Mwisho: alikufa kabla ya alfajiri. Jina la kiwanda: sikumbuki. Nambari ya toleo: sina. Karatasi ya dawa bawabu aliwashia jiko.

Wenu,
Mama mkaazi wa Feri,
Mombasa